Mbegu Ngapi kwa Shimo

Sindano zangu zililala kwa mama Foibe,
kwenye friji la duka, kati ya soda na maziwa mgando,
maana letu lilikufa tangu Pasaka.
Kila saa moja jioni nilivuka vumbi la Nkuhungu
nikanunua na kiberiti,
wateja wasije wakauliza nimefuata nini.
Siku kumi na moja. Viberiti kumi na kimoja.
Tunavyo mpaka leo.

Daktari Masagasi hana maneno mengi.
Alichora duara mbili mgongoni mwa bahasha:
viinitete vimepona viwili, vizuri vyote,
umri wao siku tano.
Tukiweka kimoja, ni mtoto mmoja au hakuna;
kujigawa kinaweza, ila ni kwa nadra,
kama mvua ya Agosti hapa Dodoma.
Tukiweka viwili, chukua wanawake kumi wa umri wako:
wanne watashika,
na katika hao wanne mmoja atanirudia na mapacha.
Wale sita hakuwataja.
Nilipotoka niliwahesabu kwenye benchi. Tulikuwa saba.

Ndahani alichangamka kama aliyesikia bei ya zabibu imepanda.
Weka vyote, daktari. Nusu ekari ya Mpunguzi imekwenda,
mizabibu ya miaka tisa, na nguzo zake, na waya wake.
Na uwele, nani hupanda punje moja kwenye shimo?
Unatia nne: ya ndege, ya mchwa, ya jua,
na moja ndiyo yako.

Na zikiota zote? aliuliza daktari.

Unapunguzia, akasema Ndahani,
kisha akasikia alichokisema.

Feni ilizunguka. Daktari akaeleza taratibu,
kama anayemsomea mtu barua ya kwao:
wawili huwahi kutoka kabla ya siku zao,
njiti wa kilo moja na kitu, ngozi kama ya tunda;
na mama wa miaka thelathini na tisa,
presha yake haiulizi kama alikuwa na furaha.

Jumapili tukaenda kwa mama mkwe,
jibu letu tayari mfukoni: vyote viwili.
Nilitegemea vigelegele.
Bi Sechelela alikuwa anapepeta, hakuinua macho.
Ndahani, alisema, wewe ulikuja na mwenzio.
Mwaka ule mvua ilikatika Februari.
Yeye ndiye aliyekuwa mkubwa.
Nilikuwa na maziwa ya mmoja.

Akaendelea kupepeta. Makapi yakamwendea kuku.
Miaka arobaini na mitatu, na mume wangu
hakuwahi kuambiwa kwamba alianza akiwa wingi.

Njia nzima hakusema neno.
Tulipopita Matumbulu akaniuliza,
Alikuwa na jina?
Kana kwamba mimi ningejua.

Jumatano daktari aliweka kimoja.
Cha pili kimebaki Makole, kwenye mtungi wa baridi
ambayo hata kuiwazia siwezi,
katika mji huu ambao saa saba mchana
bomba linatoa maji ya kuchemshia chai.
Ni wa siku moja hao, wa sahani moja.
Huyu akija mwakani, na yule mwaka Mungu anaoujua,
sijui nitawaitaje. Mapacha?
Mtu na mdogo wake?
Ndahani anasema tutalipia mtungi kwanza,
majina baadaye. Halafu usiku anageuka,
analala upande mmoja wa kitanda,
kama aliyemwachia mtu nafasi.

Niliambiwa nisubiri siku kumi na nne.
Leo ni ya tisa.
Umeme umekatika tena, mtaa mzima.
Napapasa kabatini, vinanigusa vidole vyote kumi na kimoja,
nafungua kimoja, natoa njiti.
Moja.
Naiwasha, naikinga kwa kiganja,
wala sitembei haraka.